Kocha wa miaka 80, msimu wa 6-6: Bowden alipaswa kung'atuka 2009 au kupewa mwaka mmoja zaidi?

KwataYaNne

Wakuu, habari za jioni. Hili ni la futiboli ya Kimarekani ya vyuo, kwa wale wanaoifuatilia kwa undani.

Tarehe 1 Desemba 2009 Bobby Bowden alitangaza kustaafu ukocha mkuu wa chuo cha Florida State. Alikuwa ametimiza miaka 80 wiki tatu tu kabla ya hapo, na alikuwa kwenye kiti kile tangu 1976. Msimu wa kawaida uliishia 6-6, yaani kushinda sita na kupoteza sita, na mechi ya mwisho walichapwa na Florida 37-10. Mzee mwenyewe alitaka mwaka mmoja zaidi. Chuo hakikutaka.

Sasa rudini nyuma miaka mitano, Penn State. Joe Paterno alitoka na 3-9 mwaka 2003, kisha 4-7 mwaka 2004, akiwa na miaka 77. Novemba 2004 rais wa chuo na mkurugenzi wa michezo walimfuata hadi nyumbani kwake kumwomba aachie ngazi, akakataa. Msimu uliofuata akashinda mechi 11, akapoteza moja, na akamaliza kwa kuchukua Orange Bowl, moja ya mechi za heshima za baada ya msimu (bowl), 26-23 baada ya vipindi vitatu vya nyongeza. Aliyemshinda usiku ule ni Bowden huyo huyo.

Swali langu: mtu aliyekaa kwenye kiti cha mkurugenzi wa michezo mwishoni mwa Novemba angejuaje kwamba huyu asubiriwe na yule aondoke? Naomba vipimo. "Amezeeka" na "tumheshimu mzee" nimeshazisikia zote mbili, na hazinisaidii kuamua.

Bi Takwimu

Mkuu KwataYaNne, anza na pointi kabla ya kutazama mechi zilizoshinda na zilizopotea. Rekodi hudanganya kwa sababu kila msimu kuna mechi tatu au nne zinazoamuliwa na teke moja tu.

Florida State 2009, mechi 13 ukiweka na Gator Bowl waliyomshinda West Virginia 33-21: walifunga pointi 391, wakafungwa 390. Jumlisha mwenyewe uone. Tofauti ni pointi moja kwa msimu mzima! Timu ya namna hiyo ikimaliza 7-6, hapo ndipo ilipostahili kuwa. Na ukitazama mechi moja moja unaona kidonda kiko wapi. Walifunga 44 dhidi ya Georgia Tech na bado wakapoteza, kwa sababu waliruhusu 49. Waliwashinda NC State, lakini kwa 45-42. Mechi ambayo mashambulizi ndiyo yaliyowaangusha waziwazi ni ya South Florida, 17-7. Kwa wastani wanafunga 30, wanafungwa 30.

Penn State 2004 ni kinyume. Mechi 11: walifunga 195, wakafungwa 168. Yaani timu iliyoshinda mechi nne tu ilikuwa mbele kwa pointi 27, na iliyoshinda saba ilikuwa mbele kwa moja. Katika mechi saba walizopoteza hakuna mpinzani aliyewafunga zaidi ya 21. Wisconsin 16-3, Minnesota 16-7, Northwestern 14-7. Na ile ya Iowa, 6-4, inapaswa kusomwa mara mbili: pointi zote nne za Penn State zilitokana na mchezo wa Iowa kuishia ndani ya eneo lao wenyewe la mwisho, mara mbili, pointi mbili mbili. Mashambulizi hayakuleta hata moja.

Kwa hiyo Novemba 2004 kocha mzee alikuwa na nusu ya timu nzuri sana na nusu nyingine isiyo na kasi. Hilo linatibika kwa usajili. Mwaka 2005 Michael Robinson, ambaye kabla ya hapo alikuwa akihamishwa huku na kule, alikabidhiwa moja kwa moja nafasi ya kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, na wakaingia vijana wawili wa mwaka wa kwanza wenye mbio, Derrick Williams na Justin King. Ulinzi ulishakuwepo. Walipoteza kwa Michigan tu, 27-25, tena katika pigo la mwisho la mechi.

Kipimo kimoja nitakuonya nacho, kwa sababu watu wanakipenda: mwelekeo wa miaka. Bowden kuanzia 1987 hadi 2000 kila msimu alishinda mechi 10 au zaidi na kumaliza ndani ya timu tano bora za taifa, miaka 14 mfululizo. Kuanzia 2001 ushindi ukawa 8, 9, 10, 9, 8, 7, 7, 9, 7. Unaona kilima kinateremka. Lakini Paterno kuanzia 2000: 5-7, 5-6, 9-4, 3-9, 4-7. Misimu minne kati ya mitano ya hasara! Kwa mwelekeo peke yake ungemfukuza Paterno kwanza na Bowden ungemwongezea mkataba. Mwelekeo unakuambia kuna ugonjwa, ila hausemi kama unatibika.

MstariWaMbele

Bi Takwimu amemaliza upande wa uwanja. Mimi nitaingia kwenye benchi la ufundi, kwa sababu naamini hapo ndipo kesi ya Bowden ilipoamuliwa, hata kabla ya mechi ya Florida.

Tangu Desemba 2007 Florida State walikuwa wamemtaja mrithi hadharani: Jimbo Fisher, mratibu wa mashambulizi. Mkataba wake ulisema kama hajawa kocha mkuu ifikapo Januari 2011, chuo kinamlipa dola milioni 5. Bowden kwa upande wake alikuwa na mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Kwa hiyo ule "mwaka mmoja zaidi" ndio ulikuwa upeo. Baada ya 2010 ingekuwa ama Fisher ama milioni 5 mfukoni mwa Fisher.

Fahali wawili hawakai zizi moja, na kwenye benchi la ufundi huwa hivi. Makocha wasaidizi tisa wanajua bosi wa leo na bosi wa kesho ni watu tofauti, basi kila mmoja anaanza kujipanga na wa kesho. Mchezaji aliyeadhibiwa na mmoja anakwenda kulia kwa mwingine. Kijana wa sekondari anapouliza "nitafundishwa na nani?" anapata majibu mawili katika nyumba moja.

Sasa ongeza jambo lililotokea mwanzoni mwa Novemba 2009: Mickey Andrews, aliyeongoza ulinzi tangu 1984, naye alitangaza kustaafu. Bi Takwimu ameshaonyesha kwamba kidonda kilikuwa kwenye ulinzi. Hivyo kazi kubwa kuliko zote Januari 2010 ilikuwa kumwajiri mratibu mpya wa ulinzi. Nani amwajiri? Bowden mwenye miezi 12 iliyobaki? Hakuna kocha mzuri anayehamisha familia yake kwenda Tallahassee, mji wa Florida State, kwa bosi atakayeondoka mwaka ule ule. Fisher amwajiri huku Bowden ndiye kocha mkuu? Basi Bowden ni kocha mkuu wa jina tu. Chuo chenyewe kilimpa chaguo la karibu na hilo, kubaki kama balozi asiye na mamlaka, na alikataa. Naona alikataa kwa haki.

Matokeo yanajulikana. Fisher alimleta Mark Stoops kutoka Arizona. Mwaka 2010 ulinzi uliruhusu chini kidogo ya pointi 20 kwa mechi, kutoka 30. Walishinda mechi 10 na kuwafunga Florida 31-7 baada ya kufungwa nao miaka sita mfululizo.

Kwa hiyo kipimo changu: chora majina ya benchi la ufundi, weka alama kwa kila nafasi itakayokuwa wazi Januari, kisha jiulize kama kocha huyu mzee anaweza kumshawishi mtu mzuri aje kuijaza. Paterno 2004 alikuwa na Tom Bradley kwenye ulinzi na Galen Hall kwenye mashambulizi, na wote wawili walibaki. Hakuhitaji kumshawishi mtu.

Na angalia familia kwenye benchi. Mtoto wa Bowden, Jeff, aliongoza mashambulizi kuanzia 2001 hadi Novemba 2006, akaondoka baada ya kufungwa 30-0 nyumbani na Wake Forest. Miaka ile ndiyo kilima kilipoanza kuteremka. Kocha akishindwa kumgusa mtu mmoja kwenye benchi lake, timu nzima inasubiri.

Gangilonga77

Natofautiana nanyi kidogo, ndugu zangu, na hasa na wale wanaoingia hapa kusema mzee ni mzee tu. Ng'ombe hazeeki maini.

Bill Snyder wa Kansas State alistaafu mwishoni mwa 2005 akiwa na miaka 66, baada ya 4-7 na 5-6. Watu walisema mchezo umempita. Akaja kocha kijana, Ron Prince, akadumu misimu mitatu: 7-6, 5-7, 5-7. Mwaka 2009 wakamrudisha Snyder, sasa ana miaka 69, na mwaka 2012, akiwa na 73, akachukua ubingwa wa ligi yao, Big 12. Waliomhesabia umri mwaka 2005 walikosea hesabu.

Halafu Iowa. Kirk Ferentz yuko pale tangu 1999. Msimu wa 2023 mashambulizi yake yalikuwa aibu kutazama: wastani wa pointi 15 na kidogo kwa mechi. Mratibu wa mashambulizi alikuwa mwanawe Brian, na mkataba wake ulirekebishwa ukadai timu ifikishe wastani wa pointi 25. Tarehe 30 Oktoba 2023, msimu ukiendelea, kaimu mkurugenzi wa michezo Beth Goetz alitangaza kwamba Brian hatarudi mwaka unaofuata. Baba alibaki. Akaja Tim Lester. Mwaka 2024 Iowa walifunga pointi 360 katika mechi 13, yaani 27.7 kwa mechi. Kocha mkuu yule yule, akiwa na miaka 69 wakati huo. Gari likikohoa unaangalia plagi kwanza, hushushi injini.

Kwa hiyo kabla ya kumwambia mzee aondoke, mwambie hivi: "Badilisha kitengo hiki, mtu huyu, kabla ya tarehe hii." Akikubali, mpe mwaka. Akikataa, amejijibu mwenyewe. Bowden 2009 hakupewa mtihani huo. Andrews alikuwa anaondoka kwa hiari yake. Mngempa Bowden nafasi ya kuchagua mratibu wa ulinzi pamoja na Fisher, mezani, mchana kweupe, huenda 2010 ingekuwa ile ile na mzee angeondoka vizuri.

TareheNaSaa

Ndugu Gangilonga77, hoja yako ya Iowa ni ya kweli, lakini tazama tarehe uliyoitaja: 30 Oktoba. Goetz aliamua zikiwa zimebaki wiki kadhaa za msimu. Hilo ndilo lililofanya dawa ifanye kazi. Wengi hapa mnazungumza kana kwamba uamuzi ukifanywa Desemba ni sawa. Zamani ilikuwa sawa.

Bowden alitangaza 1 Desemba 2009, na siku ya vijana wa sekondari kusaini ilikuwa 3 Februari 2010. Siku 64. Fisher alikuwa na muda wa kuajiri, kupiga simu, kutembelea nyumba za watu. Tangu Desemba 2017 kuna usajili wa mapema, na umekuwa ukisogezwa mbele. Mwaka 2024 Jumamosi ya mwisho ya msimu wa kawaida ilikuwa 30 Novemba, na usajili ulifunguliwa Jumatano 4 Desemba. Siku nne. Mwaka 2025 vilevile: 29 Novemba, kisha 3 Desemba.

Mtazameni North Carolina muone siku hizo nne zinafanya nini. Mack Brown, miaka 73, mshindi wa mechi nyingi kuliko kocha yeyote wa chuo kile, alikuwa na msimu mbaya. Septemba 2024 James Madison waliwafunga pointi 70 nyumbani kwao. Tarehe 25 Novemba alisema atarudi 2025. Tarehe 26 chuo kikatangaza kwamba anaondoka. Tarehe 30 akaongoza mechi ya kuaga dhidi ya NC State, wakafungwa 35-30. Tarehe 4 Desemba vijana wanasaini na kiti cha kocha mkuu hakina mtu. Tarehe 11 ndipo wakamtangaza Bill Belichick, mwenye miaka 72. Walimtoa wa 73 wakamweka wa 72, kwa hiyo umri haukuwa hoja yao. Mwaka uliofuata timu ilikuwa na wachezaji wapya wapatao 70, mechi ya kwanza wakafungwa na TCU 48-14, na msimu ukaishia 4-8. Sisemi wiki moja ya Desemba ndiyo iliyoleta yote hayo. Nasema chuo kisichojua tarehe 25 kitakachofanya tarehe 26 kimeshachelewa.

Upande wa wachezaji ni mgumu zaidi. Nick Saban alistaafu Alabama 10 Januari 2024 baada ya msimu wa 12-2, na siku mbili baadaye Kalen DeBoer alikuwa ameshapatikana. Haraka kuliko hivyo haiwezekani. Hata hivyo kwa kanuni za wakati ule kila mchezaji alipata siku 30 za kuhama kwa sababu kocha ameondoka, na Caleb Downs, beki wao bora kijana, alikwenda Ohio State. Kanuni za sasa zimepunguza dirisha hilo kuwa siku 15, nalo hufunguka siku tano baada ya kocha mpya kutangazwa. Na tangu 2025 vyuo vinagawana mapato na wachezaji, kiwango cha juu dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Kocha akiondoka, kila mchezaji mzuri anakaa upya mezani na kuuliza bei yake. Fedha hizo lazima ziwe zimeshatengwa kabla ya tangazo, la sivyo kocha mpya atakuta nusu ya kikosi imeshapakia mizigo.

Kwa hiyo ningefanya hivi. Wiki ya mapumziko ya Oktoba, watu watatu kwenye chumba: rais wa chuo, mkurugenzi wa michezo, kocha. Hakuna mdhamini tajiri wala wakala. Kocha anaulizwa nani ataendesha kila kitengo mwakani, na nani anamrithi akiugua Machi. Majibu yanaandikwa. Uamuzi unakuwa umefikiwa ifikapo katikati ya Novemba, hata kama hautangazwi siku ile. Orodha ya warithi watatu inakuwa tayari, na mwanasheria ameshasoma mikataba yao kujua kila mkataba unavunjwa kwa kiasi gani. Mkataba wa mzee nao usomwe: akistaafu mwenyewe kwa kawaida chuo hakidaiwi miaka iliyobaki, akifukuzwa kinadaiwa fidia. Ndiyo maana "kustaafu" kwingi mnakosoma magazetini kumeshajadiliwa na wanasheria wiki mbili kabla.

Na kitu cha kuepuka, tena kutoka Tallahassee. Oktoba 2009, baada ya kufungwa na Boston College na rekodi kuwa 2-3, mwenyekiti wa baraza la wadhamini, Jim Smith, alisema hadharani kwamba msimu huo uwe wa mwisho wa Bowden. Zilikuwa zimebaki mechi saba. Wapinzani wanaogombea vijana wale wale hawakuhitaji tena kusema neno. Waliwapa wazazi gazeti tu.

KwataYaNne

Asanteni sana, hasa hesabu ya 391 kwa 390 imenifungua macho. Nina la nyongeza. Tuseme uamuzi umefikiwa Oktoba kwamba huu ni msimu wa mwisho. Mzee aondoke palepale, au atangaze na amalize msimu?

Bi Takwimu

Msimu wa 2015 ulitupa majibu yote mawili, na kocha mmoja kwa kila jibu.

Steve Spurrier, South Carolina, miaka 70. Alikuwa ametoka kwenye misimu mitatu ya 11-2. Mwaka 2014 akashuka hadi 7-6, na Desemba hiyo akasema hadharani kwamba huenda akabaki miaka miwili au mitatu. Kauli ile ilimuumiza sana kwenye usajili, kwa sababu kijana anayesaini anahesabu miaka minne. Mwaka 2015 wakaanza 2-4, na katikati ya Oktoba akaondoka palepale. Msaidizi wake akakabidhiwa timu. Novemba wakafungwa nyumbani na The Citadel 23-22, chuo cha daraja la chini, na wakaishia 3-9.

Frank Beamer, Virginia Tech, miaka 69. Timu ilikuwa 4-5. Tarehe 1 Novemba alitangaza kwamba msimu ukiisha anastaafu. Katika mechi nne zilizofuata walishinda tatu, wakafikia mechi ya bowl kwa mwaka wa 23 mfululizo, na wakaishinda Tulsa 55-52. Huku nyuma mkurugenzi wa michezo alikuwa kazini: tarehe 29 Novemba Justin Fuente alishatangazwa, na Bud Foster, mratibu wa ulinzi wa miaka mingi, alibaki. Fuente alishinda mechi 10 mwaka wake wa kwanza.

Tangazo la mapema liliwapa wachezaji kitu cha kupigania na likampa mkurugenzi mwezi mzima wa kutafuta bila kujificha. Ningemshauri mzee yeyote afuate njia ya Beamer, isipokuwa afya hairuhusu. Snyder tuliyemsifu hapo juu alifanya tofauti mara ya pili. Agosti 2018 aliongezewa mkataba wa miaka mitano akiwa na miaka 78, huku akitamani mwanawe Sean amrithi. Novemba wakaongoza Iowa State 38-21 katika robo ya nne na wakapoteza 42-38, msimu ukawa 5-7. Tarehe 2 Desemba akastaafu. Kocha mpya, Chris Klieman, alitangazwa 10 Desemba akiwa bado anaongoza North Dakota State kwenye mtoano, na usajili wa mapema ulikuwa 19 Desemba. Klieman alifaulu baadaye, lakini aliendesha vyuo viwili kwa wakati mmoja hadi Januari.

Gangilonga77

Da Takwimu, nimekubali kuhusu Snyder wa 2018. Mkataba wa miaka mitano kwa mtu wa 78 haukuwa mpango wa kurithishana.

Swali moja tu ambalo halijaguswa: motisha. Bowden na Paterno walikuwa wanafukuzana kwenye idadi ya ushindi wa maisha. Machi 2009 NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, iliamuru Florida State ifutiwe ushindi kwa sababu ya udanganyifu wa mitihani uliohusisha wanamichezo, na Bowden akapoteza 12. Aliishia na 377. Ni binadamu, naelewa kwa nini mtu atake kuzirudisha uwanjani. Lakini mkurugenzi akisikia namba hiyo kwenye mazungumzo, ajue mzee anazungumzia kitabu cha rekodi wakati wachezaji wanazungumzia mwakani.

MstariWaMbele

Na mimi nikubali lako, Gangilonga77: mtihani wa "badilisha kitengo hiki kabla ya tarehe hii" ni mzuri. Ulipaswa kutolewa Florida State mwaka 2006, si 2009.

Kuna jambo hatuwezi kuliruka kwa sababu tunamtumia Paterno kama mfano wa subira iliyolipa. Kwenye mpira, 2005 ilimpa haki. Lakini ile ziara ya Novemba 2004 ilionyesha pia kwamba rais wa chuo na mkurugenzi wa michezo hawakuwa na uwezo wa kumwambia kocha wao neno lenye nguvu. Alibaki hadi 9 Novemba 2011, miaka 84, alipoondolewa na baraza la wadhamini katika kesi ya msaidizi wake wa zamani, Jerry Sandusky, aliyewadhulumu watoto. Sisemi lile lilitokana na lile. Nasema chuo kikishafika mahali ambapo kocha haambiwi ondoka, hakuna tena anayesimamia kazi yake kwa jambo lolote, na watoto walioumia ndio wanaostahili kukumbukwa kwanza. Mkurugenzi asiyeweza kufanya mazungumzo ya Oktoba ayajue mapungufu hayo kabla hata ya kuhesabu pointi.

TareheNaSaa

Niongeze kipengele kimoja cha mkataba wa kuaga, maana hakijatajwa: mzee atakaa wapi baadaye. Vyuo vingi vinampa ofisi jengo lile lile la timu, kwa nia njema kabisa, na kocha mpya anajikuta anatazamwa mabegani kila siku. Wachezaji wa zamani wakija wanapita kwa mzee kwanza. Msaidizi akigombana na bosi mpya anajua mlango wa kwenda.

Kama ni lazima kumpa ofisi, iwe jengo la wahitimu, si la timu, na kazi iandikwe: safari ngapi kwa mwaka, hafla gani, haingii mazoezini bila kualikwa na kocha mkuu.

Bowden alifanya zaidi ya hapo, tena kwa hiari yake. Alikaa mbali na uwanja uliobeba jina lake ili Fisher aongoze bila kivuli. Tarehe 26 Oktoba 2013, kabla ya mechi na NC State, ndipo alipoingia tena, akakabidhiwa ule mkuki unaowashwa moto, akauchomeka katikati ya uwanja. Alikuwa amebakiza siku 13 kufikisha miaka 84. Januari iliyofuata timu ya Fisher ilichukua ubingwa wa taifa kwa kuifunga Auburn 34-31.